Shanta la Buluu

Kiswahili kina maneno mengi ya kuchukua mzigo, na kila neno lina mahali pake mwilini. Maji hutwikwa kichwani juu ya ngata. Mwana huelekwa kwa mbeleko. Jembe hulala begani, mkoba huning'inia kwapani, na samaki aliyemshinda mtu mmoja hupitishwa mpikoni wakamchukua wawili. Mgongo usio na mwana huenda ndio uliochelewa kupata neno lake, nalo lilipokuja lilikuja kutoka Uarabuni: shanta, ambalo huko kwao ni mkoba au sanduku la safari, na ambalo huku lilikwenda moja kwa moja kwa askari na maskauti. Watu wa leo husema begi la mgongoni. Maana ni ile ile, ingawa neno la zamani ni fupi na mdomo haulichoki.

Shanta linalosimuliwa hapa lilikuwa la buluu, na lilinunuliwa Lushoto siku ya gulio.

Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya bahari, na msafiri wa pwani anayepandishwa na basi kutoka Mombo, akapita Soni kona baada ya kona, hufika huko akiwa amekwisha kujua thamani ya koti. Ndiyo maana mitumba ya huko huwa na makoti mengi, na pamoja na makoti huja mabegi. Mnunuzi alikuwa kijana wa vijiji vya juu ya mji, ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni katika njia za milimani. Shanta lilikuwa refu, lenye mifuko kumi na mmoja. Zipu zote zilitembea, na upande wa mgongo lilikuwa na wavu wa kupitishia hewa. Mwuzaji alikuwa amelijaza magazeti na matambara hata likasimama lenyewe kama mtu anayesubiri gari. Kijana akalivaa na magazeti yake, akajitazama katika kioo cha gari lililoegeshwa kando ya njia, akatoa shilingi 35,000.

Katika dakika hizo chache yalifanyika makosa mawili, na yote mawili ni ya kila siku. Alilichagua shanta kwa macho, kisha akalijaribu likiwa tupu. Mzigo wa magazeti hausemi kweli.

Alikuwa na haraka yake, na haraka ile ilikuwa na sababu. Mwezi wa Julai alikuwa ameahidiwa kazi na wawindaji wawili wakazi wa Tanga, watu wenye leseni, waliotaka mtu wa kufuatana nao nyikani siku kumi: ajue kusoma nyayo, ajue kupika, na zaidi ya yote aweze kuchukua mzigo. Malipo ya siku hizo kumi yangelingana na ya miezi miwili ya wageni wa kupanda na kushuka Irente kutazama mandhari. Babu yake alikuwa mwindaji wa nguruwe kwa mbwa na mkuki, zama ambazo mashamba ya mahindi yaliyopakana na msitu yalilindwa hivyo. Msitu wa Magamba sasa umefungwa kwa sheria, na mbega wenye manyoya meusi na meupe hukaa juu ya miti yake bila kumwogopa mtu. Mkuki wa mzee umebaki darini. Kwa hiyo kazi ya Julai ilikuwa na kitu kingine kisichohesabika kwa shilingi, ingawa kijana hakukitaja.

Ili kulizoeza shanta jipya, alilivaa kwanza katika safari ya wageni. Njia ya miguu kutoka Lushoto hadi Mtae huchukua siku tatu kwa mwendo wa mgeni: msitu wa Magamba kwanza, kisha mashamba ya kabichi na karoti ya upande wa Lukozi, kisha Rangwi, na mwisho ule ukingo ambako milima hukatika ghafla na nyika ya Mkomazi ikaonekana chini, pana, ya rangi ya vumbi. Kijana alichukua kilo 18. Siku ya kwanza alihisi mikanda ikimkata mabegani, akaona ni upya wa begi. Siku ya pili mkono wa kulia ulianza kumtambaa kana kwamba siafu wamo ndani ya mkono wa shati. Jioni, huko Rangwi, alipokea kikombe cha chai kwa mkono huo, na kikombe kikaanguka. Hakukiangusha kwa kuteleza. Vidole havikujua kama vimeshika kitu.

Alicheka, wageni wakacheka, na kikombe kikalipwa.

Madaktari wa majeshi wanalijua jambo hili kwa muda mrefu. Chini ya mtulinga, baina ya shingo na kwapa, hupita fungu la mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Shanta likiwa limetengenezwa kwa mgongo mrefu kuliko wa anayelivaa, mkanda wa kiuno huteremka hadi matakoni na haushiki kitu. Nyonga, ambazo ndizo zenye nguvu ya kupokea uzito na kuushusha miguuni, huachwa bila kazi. Uzito wote basi huning'inia kwenye mikanda miwili ya mabega, na mikanda hiyo hulikandamiza lile fungu la mishipa kila hatua. Kwanza huja ganzi, kisha unyonge wa mkono. Wengine hufikia pale ambapo mfupa wa bega hutoka nje kwa nyuma kama bawa, kwa kuwa mshipa unaoushikilia umelala. Aghalabu hupona kwa majuma au miezi mzigo ukiondolewa. Aghalabu, lakini si kila mara.

Milima hii imekwisha kuona wachukuzi wa kila namna. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipanda Usambara kumwona Kimweri ye Nyumbai, na mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipanda kutoka Pangani hadi Vuga kwa mfalme huyo huyo. Vitabu vyao vina majina ya mito na ya wafalme. Mabega yaliyofikisha vitabu hivyo yana kurasa chache. Inajulikana tu kwamba katika misafara ya karne ya 19 mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na kwamba watu wa pwani walipenda kuuweka kichwani hali Wanyamwezi waliuweka begani, hata ngozi ya mahali hapo ikawa sugu kama ya kisigino. Kwa kulinganisha, mpagazi wa leo anayewapandisha watalii Kilimanjaro amewekewa kikomo cha kilo 20, na wapo wanaosimama langoni na mizani kuhakikisha.

Fungu moja la mzigo wa msafara, hasa la nguo, liliitwa mtumba. Neno hilo halikufa pamoja na misafara. Liliingia marobotani, likapata wingi wake, na leo mtu akisema mitumba hakuna anayemkumbuka mpagazi. Jirani yake ni neno Kariakoo. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipoutwaa mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, nyuma ya askari walikuwa wachukuzi wa kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukakitengeneza kadiri ulivyoweza. Wachukuzi waliokufa katika vita vile ni makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na kwa kukosa chakula kuliko kwa risasi. Soko la Dar es Salaam linaloitwa kwa jina lao ndilo ambalo mabegi mengi ya mgongoni hupitia kabla ya kusambaa mikoani. Kijana wa Lushoto alinunua shanta lililotoka katika mtumba, na huenda lilipitia Kariakoo, na bega likamuuma kama lilivyowauma wenye majina hayo.

Aliporudi nyumbani hakusema neno. Bibi yake ndiye aliyemwona akifungua kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto.

"Mume wangu," akamwambia, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao, "tangu lini umekuwa wa shoto?"

"Nimechoka tu, bibi."

"Uchovu haukai upande mmoja. Lete hilo zigo lako, kisha geuka."

Bibi huyo hakupata kuvaa shanta maishani mwake. Kuni na mboga amezitwika kichwani, kama wanawake wa Usambara wanavyofanya hadi leo katika njia za kwenda magulioni, na watoto saba amewaeleka. Alimwinamisha mjukuu kichwa, akautafuta kwa kidole ule mfupa unaojitokeza shingo inapokutana na mgongo, akaubana hapo mwanzo wa kamba ya katani. Kisha akaiteremsha kamba juu ya uti hadi usawa wa ncha za juu za mifupa ya nyonga, pale ambapo mtu akijishika kiuno vidole gumba vyake huelekeana nyuma. Akafunga fundo. Akaigeuzia kamba kwenye shanta, kutoka inapoanzia mikanda ya mabega hadi katikati ya mkanda wa kiuno. Shanta likaizidi kamba kwa nusu shibiri.

"Mtoto akilegea akashuka, kiuno kinauma," akasema. "Ukimpandisha mno, shingo inauma. Kanga ni ile ile, lakini kila anayeeleka hufunga kwa kimo chake. Wewe hukulieleka begi hili, mjukuu wangu. Begi ndilo lililokueleka wewe, nalo halikujui."

Wataalamu wa maduka makubwa ya Ulaya hupima vivyo hivyo, mfupa kwa mfupa, isipokuwa wao hutumia utepe wenye namba. Na asili ya elimu yao ni uwindaji. Mwaka 1908 Mnorwe mmoja, Ole F. Bergan, alikuwa katika safari ya kuwinda na mfuko wa mgongoni uliomtesa. Alichukua tawi la mreteni, akalikunja lifuate umbo la mgongo wake, akauegemeza mfuko juu yake usimkandamize. Mwaka uliofuata akapata hataza ya fremu ya chuma iliyoiga tawi lile. Askari wa Kiingereza hadi leo huliita shanta lao kwa jina lake. Kisha katika miaka ya 1950 Mmarekani Dick Kelty akatia mkazo kwenye mkanda wa kiuno, uzito uhame mabegani ukakae nyongani. Mambo mawili haya, umbo la mgongo na kazi ya nyonga, kila mama aliyefunga mbeleko anayajua bila hataza.

Babu alikuwa kando ya moto muda wote huo. Yeye hakujishughulisha na kamba. Alilivuta shanta, akaukwaruza ubavu wake kwa kucha, kitambaa kikapiga kelele kama karatasi mpya.

"Mnyama atakusikia kabla hajakuona," akasema. "Na mbung'o watakuona kabla ya mnyama."

Kuhusu mbung'o mzee hakubahatisha. Mitego ya kuwanasa hutengenezwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi kwa sababu rangi hizo huwavuta, na nyika iliyo chini ya milima hii ni nchi yao. Mwindaji mwenye busara huchagua hudhurungi au kijani kilichopauka, turubai laini isiyolia ikiguswa na mwiba. Asichague madoadoa ya kijeshi, hata kama kwenye rundo la mitumba yapo na bei yake ni nzuri. Mwaka 2023 jeshi la Tanzania liliwapa raia siku saba kurudisha mavazi yanayofanana na sare zake, na mtu anayetembea porini na wenye bunduki akiwa amebeba madoa hayo mgongoni hujitafutia maelezo marefu.

Kisha mzee akazungumza juu ya nyama, maana kwake safari ya kuwinda haina mzigo mpaka mnyama aanguke. Kwenda ni maji, unga na blanketi. Kurudi ndiko kwenye mtihani. Shanta la mwindaji lina sharti ambalo la mtembezi halina: libaki limeshikana na mgongo likiwa na kilo nane, na libaki hivyo hivyo likiwa na ishirini. Mikanda ya ubavuni ipo kwa ajili hiyo, kulibana lisiyumbe likiwa nusu. Vizito vikae katikati, karibu kabisa na uti, kwa maana mzigo unaokaa mbali humvuta mtu nyuma, na katika miteremko ya Usambara kuvutwa nyuma ni kuteleza. Nyama ifungwe katika mfuko wake wa kitambaa ili damu isiingie kwenye pamba za mikanda.

Hapo, kama ilivyo desturi ya wazee wa huko, jina la Mbegha likaingia. Kisa chake kimo katika Habari za Wakilindi, kitabu alichokiandika Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kwa Kiswahili katika karne ya 19 na kikachapishwa tena Nairobi mwaka 1962. Mbegha alitoka Nguu, akiwa kigego aliyeota meno ya juu kwanza na kunyimwa urithi na jamaa zake. Akaja Usambara na mbwa wake akiwinda nguruwe, akawagawia Wasambaa nyama, nao wakampa vyakula vya mashambani, na mwishowe wakamtawaza Vuga. Wasambaa wengi leo ni Waislamu na nyama ile haivuki vizingiti vyao, lakini kisa wanacho wote. Wanahistoria wameona humo mambo ya ufalme, ya nyama na wanga, ya mlima na nyika. Mzee alikuwa na fasiri yake.

"Nguruwe mzima anafika kilo themanini. Mbegha alikuwa peke yake. Unadhani angefanya nini? Aligawa hapo hapo. Angekuwa na begi kama lako angejaribu kubeba yote, akafia njiani, na Wakilindi wasingekuwapo."

Fasiri hiyo haimo katika vitabu, na si vibaya ikiingizwa.

Gulio lililofuata kijana alishuka mjini na kamba yenye fundo mfukoni. Kwa jamaa yake mwenye duka aliazima maharage ya kilo 15 katika mfuko. Mwuzaji wa mabegi alidhani ameletewa biashara ya maharage. Mashanta manane yalipimwa kwa kamba. Sita yakaanguka hapo hapo, na miongoni mwao lilikuwamo moja jeusi la kuvutia sana. Mawili yaliyobaki yalijazwa maharage, na kijana akapanda nayo, moja baada ya jingine, mteremko wa nyuma ya soko, juu na chini mara mbili. Alifuata utaratibu mmoja: kulegeza mikanda yote, kuuweka wa kiuno juu ya mifupa ya nyonga na kuukaza huo kwanza, ndipo ya mabega, ilale bila kuacha mwanya na bila kuuma, kisha ule mdogo wa kifuani, usibane pumzi. Aliingiza kiganja chini ya mkanda wa bega akakuta kinapita. Aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu. Shanta la kwanza likamgonga kisogo, la pili likatulia.

"Hilo jepesi sana, kaka, hutalihisi," mwuzaji akasema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Alilolichukua lilikuwa la hudhurungi iliyopauka, lenye mfuko mmoja wa nje na zipu moja iliyokufa, na bei yake haikufikia nusu ya la kwanza. Waongoza wageni wenzake waliokuwa wameketi mbele ya mgahawa walimwuliza kama amejiunga na maskauti wa mwaka 1960. Kwa kijana aishiye kwa kuaminiwa na wageni wanaomtazama kwa mara ya kwanza, sura ya begi si jambo dogo, na utani ule ulimfuata hadi nyumbani.

Jambo kubwa zaidi lilibaki. Julai ilikuwa imekaribia, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, pamoja na jirani yake, vilikuwa bado havijaamka sawasawa. Asubuhi aliweza kufunga vifungo. Jioni, baada ya kazi, hakuweza. Wawindaji hawakujua. Akisema, huenda wakamchukua mwingine, na wengine walikuwapo wengi. Asiposema, angekuwa nyikani siku kumi, mbali na kila zahanati, akipokea bunduki ya mtu kwa mkono usiojua kama umeshika kitu. Bibi alimwuliza mara moja tu kama amewaambia. Hakurudia.

Aliwaambia Mombo, asubuhi ya safari, mashanta yakiwa yamekwisha kushushwa kwenye basi na kupangwa ukutani. Aliwaambia habari za kikombe. Mkubwa wao alimtaka anyooshe mkono, akamwambia akaze ngumi, akaitazama. Alikaa kimya kwa muda ambao kijana aliuona mrefu. Kisha akafungua lile shanta lililopauka, akatoa galoni ya maji ya lita tano, akaitia katika lake mwenyewe, na akasema malipo yatapungua kidogo. Kijana akakubali. Walikwenda.

La buluu liko jikoni kwa bibi. Limetundikwa juu ya moto, limejaa mahindi ya mbegu, na moshi umekwisha kulifanya karibu jeusi. Mifuko yote kumi na mmoja ina kitu ndani yake: maharage, kunde, mbegu za maboga, miwani ya babu. Urefu wake, huko liliko, haujamsumbua mtu.